Picha ya Siku ya Mwisho ya Darasa

Bajaji ilimshusha Fikirte kwenye kona ya kinu cha kusaga. Dereva akamwonyesha kwa kidevu njia ya mawe iliyopanda kilimani, kisha akageuza. Fikirte hakuwa amewahi kufika Woldiya. Alikuwa ametoka Dessie na basi la alfajiri, na alichokuja nacho ni jina moja tu: Tewabech, mama wa Yeshihareg, msichana aliyeko Beirut. Aliuliza dukani, akaulizwa yeye ni mtoto wa nani. Akamuuliza mwanamke aliyekuwa akianika pilipili, naye akamwangalia zile nguo nyeusi toka shingoni mpaka miguuni, akampa pole kwanza ndipo akamwelekeza. Ilikuwa Jumamosi. Alikuwa na muda mpaka kesho yake mchana.

Dada yake Alemnesh naye alikuwa Beirut, mwaka wa pili sasa, mfanyakazi wa ndani katika ghorofa ya tatu ya nyumba ya watu. Baba yao alifariki wiki sita zilizopita, ini likiwa limemwishia. Walipotoka kuzika, wazee wa chama cha mazishi walikaa na mama yao, wakakata shauri ambalo kila mtu alilijua kabla halijasemwa: Alemnesh asiambiwe. Habari ya kifo haipigiwi simu. Hupelekwa na watu, tena wengi, asubuhi kabla mhusika hajatoka kwake, ili awepo wa kumshika na awepo wa kulia naye. Kule hana mtu. Ataambiwa siku atakayorudi. Basi Fikirte, ambaye ndiye aliyekuwa akiwasiliana naye, akabeba kazi ya kudanganya. Alemnesh alipotuma sweta la baba kwa mtu aliyekuwa anarudi nyumbani, Fikirte alimjibu kwamba limemkaa vizuri, ila mikono ni mirefu kidogo.

Mwaka ule chuoni alikuwa na somo moja alilolipenda kuliko yote, la kuandika blogu. Katika masomo mengine walinakili ubao. Katika hili mwalimu wao, Bwana Gezahegn, aliwaingiza kwenye chumba chenye kompyuta kumi na moja, nne zikiwa zinawaka, akasoma kwa sauti walichoandika na kuuliza nani angependa kukisikia tena. Wiki za kwanza hakuna aliyeinua mkono. Fikirte akaanza kuandika habari za mtaa wao wa Haik: nani kaweka geti jipya, mbwa wa padri kazaa wapi, bei ya vitunguu ya Jumatatu na nani kaibishia. Muda si muda akapata wasomaji. Walikuwa wasichana wa Haik walioko Jeddah, Dubai na Beirut, waliojifungia chooni na simu baada ya vyombo kuoshwa. Walimwomba awaandikie kisima, kanisa, hata jalala. Alemnesh hakukosa hata moja, na kila mara alilalamika kwamba ni fupi.

Kazi ya mwisho ilikuwa kueleza unatoka darasani na nini. Fikirte aliandika kwamba alikuwa mtu wa kukaa nyuma, na kwamba somo hili lilimfanya asubiriwe mahali. Aliandika jinsi walivyogombea zile kompyuta nne, na jinsi alivyoona uchungu mwalimu alipofuta ubao kwa mara ya mwisho. Kuhusu baba hakuweka neno. Aliisoma mara tatu akitafuta popote alipojisaliti, hakupaona, akaituma kwenye blogu. Mwalimu alitaka kila mmoja aweke na picha waliyopigwa pamoja siku hiyo ya mwisho. Akaiweka.

Katika picha, wenzake kumi na tisa wanacheka. Yeye yuko mstari wa pili, nyeusi tupu, na netela, ile shuka nyeupe nyepesi ya begani, amejitanda na ule upindo wa rangi ukiwa juu, umemzunguka shingo. Hivyo huivaa waliofiwa, na si kwa maziko ya mtu wa mbali. Alikuwa ameivaa hivyo kwa wiki sita, mpaka akawa haioni tena. Alikuwa amekagua maneno. Picha hakuikagua.

Bwana Gezahegn alimpa alama ya juu kabisa na kuandika chini kwamba ni kazi isiyoficha kitu. Siku hiyo hiyo ukaja ujumbe wa Alemnesh, neno moja: "Nani?"

Fikirte akamjibu kwamba ni jirani, mama Asegedech. Alemnesh akasema kwa jirani mtu havai hivyo, mpe baba simu. Fikirte akajibu kwamba baba amekwenda kwenye maji ya baraka, monasteri, kule hakuna mtandao, atarudi Jumapili. "Basi Jumapili mchana," Alemnesh akaandika. "Yeye mwenyewe. Sauti yake."

Ndipo alipomkumbuka Yeshihareg. Yeye na Alemnesh walipanda ndege moja, na Jumapili walikutana kanisani. Kama angepatikana, angekusanya wenzake wamfikie Alemnesh kabla ya simu ile. Lakini namba yake alikuwa nayo mama yake tu.

Tewabech alimkaribisha kwenye kigoda, akamsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchambua dengu.

"Kumbe ndiye wewe," alisema. "Yeshi ananisomea mambo yako kwenye simu. Mbwa wa padri. Nilicheka." Akatupa kijiwe nje. "Mwanangu, walikufundisha kuandika miaka mitatu. Kunyamaza wanafundisha mwaka wa ngapi?"

Fikirte alisema hajaja kujitetea, amekuja kuomba namba.

"Namba nitakupa? Umpigie wewe, na hizo akili zako? Nitapiga mimi."

Lakini hakupiga. Alimaliza dengu, akaanza upya sinia lile lile. Fikirte, kwa kukosa pa kutazama, akatazama ukutani. Palikuwa na picha ya mwanamume ameegemea lori, kitambaa cheupe kimeviringishwa kwenye fremu, na chini yake kipande cha mshumaa. Hapo akaelewa kwa nini mwenyeji wake naye amevaa nyeusi.

"Mesele," Tewabech alisema. "Kaka yake Yeshi. Njia ya Djibouti, breki. Huu mwezi wa tano tangu afe. Yeshi hajui." Akajifuta mikono. "Nikimwambia akapeleke msiba wa mwenzake, swali lake la kwanza litakuwa la kwetu."

Alipiga saa kumi. Alieleza kwa ufupi, sauti imenyooka. Kisha Fikirte akasikia Yeshi akiuliza kwa mbali, na Tewabech akajibu, juu kidogo kuliko alivyokuwa akisema: "Kwetu wazima wote. Mungu atukuzwe."

Fikirte alilala pale. Jumapili saa saba simu ililia, na Yeshi akataka azungumze na mgeni. Walikwenda wanawake saba, alisema. Bibi mwenye nyumba alikuwa na wageni, akakataza wasipande na Alemnesh asishuke. Wakasimama barabarani. Alemnesh akatoka kwenye roshani na beseni la nguo, akawaona wote saba wametazama juu, hawasemi. Beseni likamtoka. Akauliza nani, na Yeshi ikabidi apige kelele kutoka chini, magari yakipita: baba. Akaliita jina la baba yake mara mbili, ndipo bibi akamvuta ndani na kufunga mlango. Wao walilia pale pale mpaka mlinzi akawafukuza.

"Hakushikwa na mtu," Yeshi alisema. "Lakini alituona. Nadhani alituona." Akapumua. "Amenitumia ujumbe nikwambie sweta la baba ulivae wewe."

Fikirte akashika upindo wa netela yake.

"Dada," Yeshi akaendelea, polepole, "wewe uko kwetu sasa hivi. Mama sauti yake inapanda akidanganya, namjua. Na tangu ile picha yako wasichana wote huku tunapiga nyumbani kuuliza. Niambie wewe. Mesele yupo?"

Tewabech alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Yuko safari," Fikirte alisema. "Atarudi Alhamisi. Kandambili zake ziko hapa mlangoni, ya kushoto imeshonwa kwa waya."

Zilikuwepo kweli, za plastiki ya buluu, na hakuna aliyekuwa amethubutu kuziondoa. Yeshi akacheka, akasema hizo hizo, amemwambia mara ngapi azitupe. Akaaga.

Tewabech alichukua simu yake bila kumtazama Fikirte, akamfungia mkate kwenye gazeti, akamwambia basi la Dessie linaondoka saa tisa, asilikose. Hakumsindikiza. Fikirte aliteremka ile njia ya mawe peke yake, na mwanamke yule akabaki kizingitini karibu na zile kandambili, hajaingia ndani wala hajatoka.