Ukishatoa Ushuhuda, Usiumwe

Juzi katika duka la dawa hapa Kitengela, mama aliyenitangulia alimnong'onezea muuzaji, mkono umebana mbavu: "Nilikatwa titi, nikamaliza matibabu. Sasa niko na uchungu mpya hapa, na daktari anasema haoni kitu."

Mara mwenzake wa kanisani akaingia. "Mama! Siku ile ulishuhudia umepona, tulipiga makofi kanisa zima!"

Mkono ukashuka mbavuni. "Bwana asifiwe," mama akajibu kwa sauti. "Nimekuja tu kuchukulia mzee wangu dawa."

Akalipa, akatoka akitembea wima. Nilipotoka nilimkuta nyuma ya duka, amekumbatia mlingoti wa umeme, ameuma leso.

Kumbe ukishapigiwa makofi kwa kupona, ruhusa ya kuumwa mbele ya watu imekwisha.