Nilimwekea binti yangu mechi ya zamani apate moyo

Jamani, leo nimemliza mwanangu kwa simu yangu mwenyewe.

Mwanasiti ana miaka kumi, anacheza besiboli na timu ya shule yao hapa Msambweni. Jumamosi walicheza na watoto wa shule ya Waa. Mpira wa mwisho ulimjia kutoka juu, rahisi kabisa kudaka, ukamponyoka kwenye glavu. Wakashindwa. Tangu siku hiyo anasema harudi tena uwanjani.

Mimi besiboli siijui. Lakini nikasema, akiwaona mabingwa wanavyodaka, atajifunza.

Basi leo baada ya alasiri nikatafuta mechi moja ya kale, ya picha zisizo na rangi. Tukakaa mkekani. Akawa ananieleza yeye: nani anarusha, nani anakimbilia kituo kipi. Hata akaanza kucheka!

Mwishoni mpira ukapaa. Bwana mmoja mzima akasimama chini yake, akanyoosha mkono.

Ukamponyoka.

Wallahi nilitamani ardhi inimeze. Mwanasiti alitazama uso wa yule bwana, machozi yakamtoka.

"Mama, alicheza tena?"

"Sijui, mwanangu."

Nilitafuta kwenye simu, sikupata. Ningeweza kumdanganya, lakini ulimi ulikataa.

Kisha akaenda kuchukua glavu, akanipa mpira.

"Nirushie juu, mama. Juu sana."

Nimerusha mpaka adhana ya magharibi. Amedaka miwili tu. Bega langu halinyanyuki, na kesho anataka tena.

Wenzangu wenye watoto, nyinyi mngemjibu nini kuhusu yule bwana?