Kadi ya Matundu Ishirini na Tano

Kwa miaka tisa ya kwanza ya ndoa yangu sikuwahi kusemeshwa na mama mkwe wangu, na siku aliponisemesha, moshi ulikuwa unatoka ndani ya kompyuta ya shule.

Kwetu Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawapeani mkono wala hawatazamani usoni. Akiingia yeye kwa mlango wa mbele, mimi natafuta wa nyuma. Mambo haya hayakunipa taabu, nilikulia ndani yake. Neno lolote lililotakiwa kutoka kwake kuja kwangu, au kutoka kwangu kwenda kwake, lilipitia kinywani mwa mke wangu, ambaye ni kifungua mimba wake. Kwa njia hiyo nilimfahamu mama yule vizuri, ama ndivyo nilivyoamini. Nilimjua kuwa mpole, mwenye maneno machache na shukrani nyingi.

Alikuwa karani wa shule moja ya sekondari nje kidogo ya mji wa Bungoma. Alianza na taipureta, akaletewa kompyuta, akajifunza kompyuta. Kazi iliyompa jina pale shuleni ilikuwa kukata stensili za mitihani. Kwa wasiokumbuka, stensili ni karatasi yenye nta. Unatoa utepe wa wino kwenye printa, ile ya sindano yenye kelele, unaingiza stensili, na sindano zinatoboa nta kwa umbo la herufi. Kisha stensili inafungwa kwenye mashine ya kudurufu na shule nzima inapata mtihani. Printa za kisasa haziwezi kazi hiyo kwa sababu hazigongi kitu, zinapaka tu. Kwa hiyo ile printa kuukuu ya shule, nzito kama mfuko wa mahindi, ilikuwa haiguswi na mtu ila yeye.

Basi kompyuta ya zamani ikafa. Bodi ya shule ikanunua mpya, nyeusi, inayong'aa. Mama akageuza nyuma yake achomeke waya wa printa, akakuta hakuna pa kuuchomeka. Lile tundu refu la siku zote halikuwepo, kulikuwa na vitundu bapa tu vya USB. Mwalimu mkuu hakutaka kusikia habari za matundu. Alimwambia wazi kwamba mitihani inaanza Jumatatu, na stensili zisipokuwa mezani kufikia Ijumaa mchana, atamwita msichana mwenye cheti cha kompyuta ambaye tayari alikuwa ameacha barua yake ofisini, na Mama atahamia stoo ya mahindi na maharagwe. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Mke wangu aliniambia haya Jumatatu jioni tukiwa kwetu Kitale, huku anafuta macho kwa leso.

Nami nikajibu upesi, bila kufikiri, kwamba hiyo ni kazi ya nusu saa. Nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio na simu upande wa kwenda Kipsongo, na nilikuwa nimesoma kozi ya kompyuta ya miezi mitatu. Cheti nilikitundika ukutani mahali ambapo kila mteja angekiona. Na tuseme ukweli, nilitamani sana mama yule asikie kwamba mkwe wake ni mtu.

Mke wangu alimpigia simu, mimi nikiwa kando nanong'ona maswali. Kichwa cha waya kina pini ngapi? Mama alizihesabu kwa sindano ya kufumia: ishirini na tano, safu mbili, ya juu kumi na tatu, ya chini kumi na mbili. Nafasi za kadi ndani ya kompyuta ni ndefu nyeusi au fupi nyeupe? Nyeupe. Basi, nikasema, nimemaliza.

Mjini Kitale kulikuwa na bwana mmoja aliyeuza vipande vya kompyuta zilizobomolewa, vingine vimepitia Lwakhakha, mpakani na Uganda. Alivirundika kwenye katoni ya sabuni bila mpango. Nilichagua kwa madaha ya mtu aliyesoma. Kadi ndefu zilizotaka nafasi nyeusi niliziweka kando. Moja ilikuwa na pini ishirini na tano mahali ambapo ilitakiwa kuwa na matundu, nikaikataa, kwa sababu pini na pini haziingiliani. Alinionyesha waya mwembamba wenye USB upande mmoja na kichwa cha printa upande wa pili, nikaucheka, nikaona ni mchezo wa watoto. Mwishowe nikaipata kadi safi, nzito, ya nafasi nyeupe, yenye matundu ishirini na tano, safu mbili. Yule bwana alisema aliitoa kwenye kompyuta iliyokuwa na skana. Nilimuuliza skana inanihusu nini. Nilikuwa nimebeba waya wa mfano, nikauchomeka pale pale dukani, ukaingia na kukaza vizuri kabisa, kama mtu anavyojaribu kiatu.

"Si imeingia?" akasema. "Basi hiyo ndiyo yako, bana."

Jumatano tukashuka Bungoma, mimi na mke wangu, yeye akiwa mdomo wetu. Ofisi ya karani ilikuwa na vyumba viwili, na kati yake ukuta wenye kidirisha cha kupokelea karo. Tulipofika, niliiweka kadi mezani nikatoka kwenda kunawa mikono, ili Mama apate nafasi ya kukusanya vitu vyake na kuhamia chumba cha pili. Niliporudi kadi ilikuwa imegeuzwa upande mwingine. Sikulitilia maanani.

Nilifungua kompyuta. Nilikuwa nimeshika bisibisi mke wangu alipoitwa kwenye kidirisha. Nikasikia mnong'ono, mrefu kidogo, kwa Kibukusu, sauti ya chini sana. Akarudi amenyooka.

"Mama anauliza kama umekunywa chai," akasema.

Nikamwambia ashukuru, nitakunywa nikimaliza. Moyo wangu ulijaa. Mtu anakaribia kufukuzwa kazini na bado anafikiria chai yangu. Nikaingiza kadi, nikakaza skrubu, nikachomeka waya wa printa, nikawasha.

Kwanza nilisikia harufu, kama plastiki iliyoangukia jiko. Kisha nikaona moshi, uzi mwembamba wa buluu, unatoka pale pale nilipokuwa nimeweka vidole. Nilishtuka hata mkono ukakataa kutii, ukabaki ndani ya kompyuta ya bodi ya shule. Mlango wa katikati ukafunguka kwa kishindo. Mama mkwe wangu alipita, bega lake likagonga langu, akainama na kung'oa waya wa umeme ukutani.

"Toa mkono," akasema.

Nikatoa. Akasimama wima, ananitazama usoni, na mimi namtazama. Sikuwahi kujua kwamba ana kovu dogo kwenye nyusi.

"Nilikuambia hiyo sio ya printa," akasema. "Nilikutumia neno. Nikasema uangalie alama. Kwa nini haukusikia?"

Hakuna aliyeniambia habari ya alama. Niliambiwa chai. Taratibu sote wawili tukageuza vichwa tukamtazama mke wangu, aliyekuwa amesimama kwenye mlango ameshika kikombe.

Akaeleza akiangalia sakafu. Mama alikuwa amesema kadi hiyo ina alama ya msumari ndani ya kitu kama almasi ya karata, na tundu la ile kompyuta ya zamani lilikuwa na picha ndogo ya printa, na kwamba yule mwanamume aache kujifanya anajua. Ndivyo alivyosema, yule mwanamume. Mke wangu aliona haya. Alijua jinsi ninavyowaka mtu akinikosoa kazini, na tena mtu mwenyewe awe mama mkwe. Akaona mimi ni fundi, na Mama ni wa taipureta, bila shaka mimi ndiye ninayejua. Hivyo akabadilisha.

Nilitaka kukasirika na sikupata hasira. Nilikuwa bado nasikia lile "kujifanya anajua" likizunguka kichwani. Mama naye alikuwa ametambua yuko wapi na yuko na nani. Alijifunika uso kwa leso, akarudi chumba cha pili, akafunga mlango. Baadaye wazee walitukalisha kwa ajili ya bega lile, kuku akachinjwa, blanketi likatolewa, tukaambiwa turudi kwenye desturi. Lakini siku ile, pale pale, kidirisha kilifunguliwa kidogo na karatasi ikasukumwa kwangu. Alikuwa amechora kwa kalamu ya stensili picha ya printa, kijisanduku chenye karatasi inayotoka juu, kama alivyoikumbuka kwa miaka yote aliyokuwa akichomeka. Chini yake aliandika: rangi ya tundu, kama fizi.

Alhamisi asubuhi nilimimina katoni yote ya yule bwana sakafuni. Nilimwonyesha ile kadi iliyoungua. Akasema si alinieleza kwamba ni ya skana, ati tundu zinafanana lakini moja hutuma umeme mahali ambapo nyingine haitaki, kila mtu anajua. Mimi sikujua, na cheti kilikuwa ukutani. Chini kabisa nikaipata kadi nyepesi, yenye sura mbaya, ya nafasi nyeupe, tundu lake rangi ya fizi, na kwenye bati lake kijisanduku chenye karatasi inayotoka juu. Niliilinganisha na mchoro. Ulikuwa ule ule.

Kwa bahati kilichoungua Jumatano ilikuwa kadi peke yake. Ijumaa saa nne kompyuta iliwaka, ikaiona kadi, ikaiona printa. Mke wangu alitoa utepe wa wino, mimi nikaingiza stensili ya kwanza, hesabu ya kidato cha pili, na ule mkwaruzo wa sindano ukaanza. Mke wangu alichukua stensili ile akaipeleka kwenye kidirisha. Akarudi.

"Mama anasema ni safi."

Nilisimama nikimtazama. Miaka tisa nilikuwa nikipokea maneno ya mtindo huo bila kuyapima. Nikamwomba aniletee ile stensili, niinue kwenye mwanga mwenyewe. Nikakuta Mama amezizungushia herufi kalamu, mahali pengi. Kila herufi o ilikuwa imetoboka nzima, imeacha shimo la duara. Wino ungemwagika pale na mtihani ungekuwa madoa matupu. Kando aliandika: inagonga sana, legeza.

"Alisema nini?" nikamuuliza mke wangu.

"Alisema sio safi. Lakini umechoka, Baba watoto. Nilitaka upumue kwanza."

Nilisogeza ule mkono mdogo wa kurekebishia ulio kando ya printa, kichwa kikakaa mbali kidogo na karatasi. Stensili ya pili niliipitisha kidirishani kwa mkono wangu mwenyewe, uso nimeugeuzia ukutani. Ikarudi bila alama yoyote. Saa sita na nusu rundo lote lilikuwa kwenye meza ya mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu alitazama, akakohoa, akauliza kama karatasi za kudurufia zinatosha. Habari ya msichana mwenye cheti haikutajwa tena. Mama alikaa kwenye kiti chake hadi akastaafu.

Lakini sikuweza kufurahi. Tulitoka langoni, mke wangu akitembea mbele yangu kidogo, na mimi nilikuwa nahesabu. Kulikuwa na pongezi za siku nilipofungua kibanda. Kulikuwa na pole za siku kilipovunjwa na wezi. Kulikuwa na salamu za kila Krismasi. Na kulikuwa na neno moja nililolibeba kuliko yote. Mtoto wetu wa kwanza aliugua homa Kitale, nami nikasema tungoje asubuhi, ni homa ya kawaida, nitampa dawa. Nilijifanya najua. Hakuifikia asubuhi. Nilikaa wiki kadhaa bila kula vizuri, mpaka mke wangu alipotoka Bungoma na neno la mama yake: usijilaumu, homa ile ingemshinda yeyote. Niliposikia limetoka kwa nyanya wa marehemu, mtu aliyekuwa na kila haki ya kunilaani, nililia, nikaanza kula.

Nilimsimamisha barabarani nikamuuliza kuhusu neno lile.

Watoto wa shule walikuwa wakitoka kwa chakula cha mchana, wakitusalimia na kupita.

"Mama hakusema kitu siku ile," akasema. "Hilo lilikuwa langu. Ningekuambia mimi, ungesema nakuhurumia tu."