Viatu vya Kadzo Mlangoni mwa Mahakama

Enzi zetu, mtoto wa Malindi akienda Nairobi, mtaa mzima ulijua. Majirani wetu wa mtaa wa Barani waliniletea mahamri na viazi vya kuchemsha utadhani nahama. Nilikuwa darasa la saba, na shule yetu ilikuwa imealikwa kutembelea jumba la mahakama ya juu kabisa nchini. Wenzangu walirukaruka. Mimi niliwaza: je, wakinifananisha na mshtakiwa? Na anayeingia, hutokea mlango uleule?

Isitoshe, sikuwa na viatu, nilikuwa na malapa tu. Dada yangu Kadzo alikuwa na vyeusi vipya, vya kuanzia sekondari Jumatatu. Fedha za mbata za Baba, nazi kavu za msimu mzima, ziliishia kwenye viatu hivyo. Mama alimbembeleza mpaka akaniazima, akanikabidhi kimoja kimoja kama anayekabidhi mapacha.

"Ukivipoteza, mimi siendi shule," aliniambia. "Na wewe usirudi."

Kadzo hakuwa mtu wa mzaha.

Hawe, bibi yetu aliyetoka Kaloleni kuja kuniaga, naye akaongeza lake: "Mahali pa kukatia kesi hapaingiwi na viatu, mwanangu. Wazee wakiingia kayani, kwenye msitu wa matambiko, huvua. Ardhi ndiyo shahidi, sharti iujue mguu wako."

Ijumaa asubuhi tulishuka kwenye basi la shule tukitetemeka kwa baridi. Jumba lile! Lilikuwa la mawe matupu, na nguzo zake nene hata watatu wetu tukishikana mikono hatukuweza kuzunguka moja. Nilipofika mlangoni nikakumbuka maneno ya Hawe, nikavua. Omari, aliyekuwa nyuma yangu, akaniona, akavua. Baada ya hapo darasa zima likawa pekupeku.

Mwalimu wetu, mtu wa bara, alishika kichwa. "Nyinyi watoto! Hapa ni mahakamani, si msikitini!"

"Sasa Mwalimu, tuwakanyagie sakafu yao na matope?" Omari akamjibu.

Kabla hatujavivaa tena, karani akatokea mbio. "Majaji wanaingia baada ya nusu saa! Kama mnapita, piteni sasa hivi!" Tukasukumwa ndani. Viatu vya Kadzo vikabaki nje, Nairobi, mji tulioambiwa huibiwa mtu soksi akiwa amezivaa.

Sakafu ilikuwa baridi kama samaki wa barafuni. Karani alituonyesha viti virefu vya majaji, na nembo ya taifa juu yake. Akasema kwamba likishaamuliwa jambo mle, hakuna pengine pa kulalamikia. Wenzangu walitazama dari. Mimi nilitazama mlango, nikimwona Kadzo Jumatatu ameketi jikoni na sare yake, miguu mitupu. Mwisho karani akatuonyesha mahali anaposimama mtu kujitetea, akataka mmoja wetu apajaribu. Wakanisukuma mimi.

"Una la kusema?" akaniuliza kwa kejeli.

"Mheshimiwa, viatu vya dadangu viko nje."

Walicheka mpaka Mwalimu. Mimi nilikuwa karibu kulia.

Tulipotoka, ngazi zilikuwa tupu. Hapakuwa na hata kiatu kimoja. Nikakimbia huku na huku, na nilipoizunguka nguzo ya pembeni nikamkuta mzee mfagizi ameketi juu ya ndoo aliyoipindua. Mbele yake viatu vyetu vyote vilikuwa vimepangwa jozi kwa jozi, vimepanguswa vumbi. Vya Kadzo vilikuwa vya kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mawakili walikuwa wakivipiga mateke, nikavisogeza. Mwatoka pwani?"

"Malindi."

"Nilijua. Mimi wa Kaloleni. Siku yangu ya kwanza hapa nilivua vyangu pale pale mlangoni." Akacheka, kisha akaacha. "Nilirudi nyumbani pekupeku."

Jumatatu Kadzo alikwenda shule. Hakuambiwa lolote.

Siku hizi vijana huingia popote na kofia kichwani, wakitafuna ubani, na ukiwaambia habari ya kuvua viatu hukuuliza kama una malengelenge. Mimi nimehitimu chuo, na bado kila mlango wa ofisi miguu yangu husita. Juzi nilirudi kwenye jumba lile kuulizia kazi ya ukarani. Nilisimama mlangoni, nikainama, nikashika kamba za viatu. Nikachungulia nyuma ya ile nguzo. Hapakuwa na ndoo wala mtu.

Nikaingia na viatu vyangu.