Uniforme Moja, Sherehe Mbili

Jina langu ni Maman Sandrine, ila ukifika Panzi, hapa Bukavu, leo ukaniulizia kwa jina hilo watu watafikiri kidogo, halafu mmoja atasema, "Aa, unatafuta Maman Uniforme," na kicheko kitaanza kabla hujaonyeshwa njia. Ndiyo, ni mimi. Niliaibika mbele ya familia mbili kwa mpigo, zote zimevaa nguo nilizoziuza mimi, na kama mnataka kucheka, chekeni sasa tumalize, maana nikianza kusimulia sipendi kukatizwa.

Yote yalianzia kwenye nywele zangu. Parokia yetu ilituletea mafunzo ya pesa (bure, Jumamosi asubuhi, na soda juu), namna ya kuweka akiba, namna ya kuifanya izae, mambo ambayo sisi walimu wa primaire tunafundisha watoto kwa hesabu za maembe na machungwa halafu mwisho wa mwezi hatujui mshahara umekwenda wapi. Mfundishaji alikuwa kijana wa viatu vyenye ncha ndefu, anatembea huku na huku mbele yetu kama mtu anayetafuta funguo, na alisema jambo moja juu ya makuta, pesa zetu tunazozificha chini ya godoro, likaniingia moja kwa moja.

"Bamaman, munachunga makuta chini ya matela, munafikiri iko inawangojea. Bei iko inapanda, yeye iko inalala tu. Muitafutie kazi."

Nikapiga makofi kuliko wote. Halafu ikaja pause, tukala sambusa, na sehemu ya pili ilikuwa ifuate. Sasa mimi nilikuwa nimesuka jana yake, nywele za bei, zile ambazo mtu halali nazo vizuri kwa kuziogopa, na nikatazama upande wa Kadutu nikaona wingu limeshakuwa jeusi. Nikajiambia kwamba la muhimu nimeshalisikia. Nikamaliza soda yangu, nikajifunga mfuko wa plastiki kichwani, nikaenda nyumbani. Mniwekee hapo alama, tutaparudia.

Mwezi huohuo ikafika zamu yangu ya likelemba, kile chama chetu cha walimu ambamo kila mmoja anachanga na wote tunamwachia mmoja. Pesa hiyo ilikuwa na kazi yake tayari. Mimi na Papa Sandrine, bwana yangu, dereva wa lori la Kamanyola, tulikuwa tumesimamisha nyumba yetu ya tofali za udongo, kuta zimefika juu, imebaki kuezeka. Zamu yangu ilikuwa ya manjanja, yaani mabati, na tulikuwa tumekubaliana hivyo mbele ya Mungu na mbele ya fundi, kwa sababu ukuta wa udongo usio na paa ukikutana na mvua za Bukavu, mnajua wenyewe nani atashinda.

Ila wiki hiyo nilikuwa nyumbani kwa wifi yangu, Maman Régine, dada mkubwa wa bwana yangu, tunachambua sombe, na binti yake alikuwa karibu kuolewa. Wifi akatazama mlango, akainama.

"Komite imeshachagua kikwembe ya harusi. Ya kijani, na bandege ya manjano. Usiseme kwa mutu."

Kwetu harusi isiyo na uniforme ni mkutano tu. Familia nzima inashona kitenge kimoja (ndicho kikwembe), shangazi, mjomba, mpaka mtoto wa mgongoni, na mtu wa familia anajulikana mlangoni kwa kitambaa chake. Tena kisiwe kitambaa ambacho jirani ameshakivaa, hiyo ni dharau. Kwa hiyo mwenye kukishika kitenge hicho mapema amewashika wote, na mimi nikiwa na kisu changu na majani yangu ya sombe nilikuwa nimeshawahesabu ndugu wote wa Papa Sandrine, ambao (nilimshukuru Mungu siku hiyo kwa mara ya kwanza) ni wengi.

Kesho yake nikaenda mjini kwa muuzaji wa jumla. Akaniuliza, "Yote?" Nikamjibu, "Yote," kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kulisema neno hilo dukani maisha yake yote. Pesa ya manjanja ikageuka ndege za manjano. Bwana yangu nilimweleza kwa simu kwamba pesa nimeitafutia kazi, itarudi na watoto wake, akasema, "Mvua iko karibu, Maman Sandrine." Nikamwambia anaogopa maendeleo.

Komite ilipotangaza, mimi tu ndiye niliyekuwa nacho, na nikawaahidi hivi, mnaweza kumuuliza wifi yangu mpaka leo atawaimbia: "Iyi kikwembe hamutaiona tena ku mwili ya mutu Bukavu muzima."

Mwanzo waligombania. Halafu ikaanza: mjomba huyu anataka nusu ya kitambaa, shangazi yule atalipa harusi ikiisha, mwingine anasema yeye ni wa damu kabisa kwa nini anauziwa. Karibu nusu ya mzigo ikabaki chini ya kitanda changu, inalala, kitu kilekile kijana wa viatu vya ncha alichotukataza.

Hapo ndipo alipokuja Papa Déo, jirani yetu, ambaye baba yake alikufa mwaka jana na familia ilikuwa inajiandaa kumaliza matanga, ile siku ya kuvua nguo za msiba, kuvaa uniforme nzuri, kula na kucheza kidogo ili marehemu apumzike. Akakiona kitenge, akakipenda.

"Mutafanyia sherehe wapi?" nikamuuliza, kama mtu anayeuliza tu.

"Kwetu Kalehe, kwenye tulizika muzee."

Kalehe. Huko mbali kando ya ziwa, hakuna hata mwalikwa mmoja wa harusi yetu atakayepita. Nikamuuzia vyote, akalipa mkononi, na akasema ndugu zake wanataka vingine. Mtu mwenye akili hapo angesimama, angenunua manjanja, angelala. Mimi nilichukua pesa ya harusi na pesa ya matanga, nikazifunga pamoja, nikarudi kwa muuzaji, ambaye alikuwa amepata mzigo mwingine wa kitenge hichohicho, nikasema tena lile neno langu, yote. Papa Déo akachukua alichochukua. Vingine chini ya kitanda. Faranga ya pembeni ya kujikinga, hakuna.

Halafu mvua ikaanza kazi yake. Barabara ya Kalehe ikakatika, magari hayapiti, na familia ya Papa Déo ikaamua kufanyia sherehe yao hapa hapa mjini. Hakuniambia. Angeniambia kwa nini? Mimi nilikuwa muuza vitenge, si mwanakomite. Na sali, ukumbi wa kukodi, waliyoipata (mjue Bukavu yote ni mteremko) ilikuwa ya chini, kwenye kiwanja ambacho sali yake ya juu ilikuwa imekodiwa na sisi wa harusi. Jumamosi moja, mlango wa nje mmoja.

Siku hiyo nilikuwa nimeketi mstari wa mbele, mabega ya gauni yamepanda mpaka karibu na masikio, najiangalia kwenye nguo za wenzangu na kuona kwamba haya yote, ukumbi mzima huu wa kijani, ni mimi. Nikamwona mzee mmoja nisiyemjua kwenye meza ya familia, ndani ya uniforme yetu, anakula samaki kwa utulivu. Nikasema moyoni, mjomba wa kijijini. Nikamwona mwingine. Halafu nikaona mama mmoja anaingizwa kwa heshima, watu wa protokole, wale wa kupokea wageni, wanamshika mkono, na nikamtambua: mjane mwenyewe, mama yake Papa Déo.

Kule mlangoni mambo yalikuwa rahisi. Watu wa protokole walikuwa wameambiwa mwenye kitenge cha kijani ni wa familia, apandishwe juu, wakapandisha. Juu palipojaa, wale wa protokole ya chini, ambao nao walikuwa wameambiwa vilevile, wakaanza kushusha. Kreti za bia ambazo upande wa bwana harusi walizileta kwa wifi yangu zilipokelewa chini kwa nyimbo, na zilikuwa zimeshaanza kufunguliwa. Na Tonton Bosco, mjomba wa bibi harusi, aliyekuwa na kazi ya kumpa mtoto maneno ya mwisho ya familia, alichelewa, akaja bila miwani, akashushwa chini, wakaona mvi zake na uniforme yake, wakampa mikro.

Sisi huku juu tukasikia sauti yake kutoka chini ya miguu yetu, pole pole, mbele ya (hili tuliambiwa baadaye) picha ya marehemu iliyozungukwa na maua.

"Mutoto yetu, leo unatuacha. Kule unaenda, ukae muzuri na benyewe. Usikuwe unarudi-rudi ku nyumba juu ya kila kitu kidogo."

Msemaji wetu wa harusi, mtu mwenye ulimi mwepesi, akaomba wote wa familia ya bibi harusi wasimame, wakasimama watu ambao hawajui hata jina la bibi harusi (walifikiri ni sala), naye akatazama, akahesabu kwa macho, akauliza kwenye mikro:

"Mwenye aliuzisha iyi kikwembe iko wapi? Asimame tumuone."

Ningeweza kubaki nimekaa. Wote tulikuwa kijani, nani angenijua? Lakini mimi si mtu wa kujificha kwenye kitambaa changu mwenyewe. Nikasimama. Papa Déo alikuwa ameshapanda na watu wake kutafuta mama yake, wako mlangoni wananiangalia, na Maman Régine akageuka na kofia yake yote.

"Ulituambia nini, weye? Hatutaiona ku mwili ya mutu Bukavu muzima?"

"Njo vile nilisema," nikamjibu. "Aba ni ba Kalehe."

Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Hata mjane alicheka, akafunika mdomo kwa kiganja. Wifi yangu hakucheka. Alisema mbele ya wote kwamba nitamrudishia kila mtu nusu ya pesa yake, na Papa Déo akasema hata wao, na watu wakapiga makofi kama kwenye kura.

Hayo yote niliyameza. Kilichonishinda ni Papa Sandrine, aliyekuwa amesimama pembeni na shati lake la ndege za manjano, hajapandisha sauti, hajakunja uso. Mvua ilikuwa imeanza, tunaisikia wote juu ya mabati ya sali, na yeye akatazama juu, kisha akanitazama mimi.

"Na manjanja yetu?"

Jibu lilikuwa chini ya kitanda na hakuna mtu Bukavu ambaye angelinunua tena. Niliumia, sitawadanganya. Asubuhi tulikwenda kuangalia nyumba tukakuta ukuta wa upande wa barabara umelala, umerudi kuwa udongo, na Papa Sandrine akachutama, akashika tope kidogo mkononi. Afadhali angenifokea.

Nikalipa. Mwezi kwa mwezi, kutoka kwenye mshahara wa ubao, nilimrudishia kila mtu nusu yake (wakaja kudai hata wale ambao hawakuwahi kunilipa, hao niliwafungulia mlango nikawafungia). Na vitenge vilivyobaki nilivishona: mapazia, mito, nguo za watoto, gauni langu la kanisani. Watu walisema mwalimu arudi kwenye chaki, biashara ina wenyewe. Niliwaambia na nawaambia ninyi: kitenge kilikuwa kizuri, wanunuzi walikuwepo, kosa lilikuwa hesabu, na hesabu mimi naifundisha, nitaijua.

Mafunzo ya parokia yalirudi. Nikaenda, na gauni langu la kijani, nikakaa mbele. Ikafika pause, na mvua ikaja kweli, ile inayoingia kwa pembeni mpaka kwenye viti, na nilikuwa nimesuka. Sikuondoka. Nywele zikalowa, kijana wa viatu vya ncha akaanza ile sehemu yake ya pili, na nikasikia kumbe ilikuwa hivi: kwanza utenge kidogo cha siku ya shida, usikiguse. Pesa yenye kazi yake, kama ya nyumba, usiipeleke kucheza. Na hiyo ya kucheza, usiiweke yote ndani ya kitu kimoja, hata kama wifi yako amekunong'oneza. (La wifi aliliongeza mwenyewe. Nikaanza kushtuka.)

"Kuko maman moja wa hapa Panzi," akaendelea, "aliweka makuta yote ya manjanja ndani ya kikwembe moja. Siku ya harusi alilia mbele ya batu bote, na biashara akaacha."

Nyuma yangu wakaanza kucheka chinichini, maana walikuwa wanaliona gauni. Nikanyoosha mkono, kama ninavyowataka watoto wangu darasani wafanye, nikasimama.

"Njo miye ule maman. Sikulia, na sikuacha. Ingine yote ni kweli. Endelea."

Alitazama viatu vyake, kisha akaendelea.

Leo nauza vitenge vya aina nyingi, vichache vichache, na kila mwezi kabla sijanunua hata kimoja nanunua kwanza mabati, mawili, matatu, Papa Sandrine anayapanga mwenyewe. Juzi Maman Régine alikuja, kuna ubatizo, anataka kitenge kimoja kwa familia nzima. Nikamwambia nitamletea nusu, ile nusu nyingine akatafute kwa mwingine, na sikumwahidi kwamba hakuna atakayekivaa. Na kutoka kwenye mkutano wakati wa pause, hata mbingu zianguke, sitatoka tena. Nywele zangu zilizolowa siku ile nilizisuka upya wiki iliyofuata. Ule ukuta tumeujenga mara mbili.