Mrithi wa MV Kusum

Mzee Pantaleo ameandika majina ya meli kwa miaka thelathini na moja, na kibanda chake kipo mtaa wa Gerezani, ukuta kwa ukuta na duka langu la rangi. Ukimwita mchora mabango anakununia siku nzima. Jina la meli, atakwambia, halianzi na brashi. Kwanza unachomelea herufi juu ya chuma zitune kama kovu, ndipo upake rangi. Chumvi ikila rangi, jina linabaki.

Ndiye aliyeandika MV Kusum kwenye meli ya mizigo ya Mzee Natvarlal, aliyeipa jina la mke wake. Miaka sita iliyopita meli hiyo ilizama na watu tisa. Mmoja wao alikuwa Ansbert, fundi wa injini, mtoto pekee wa Pantaleo, hajaoa wala hajazaa. Mwili haukuonekana. Kwao Kilimanjaro mtu huzikwa kihambani, kwenye migomba ya baba yake, na Ansbert hana hata tuta la udongo pale. Mama yake, Theopista, akiulizwa mwanawe alipo hujibu, "Yuko na Kusum." Hana pengine pa kumweka.

Machi mwaka huu akaja Keyur, mtoto wa Natvarlal. Alikuwa amenunua meli nyingine, iliyokwishatumika huko ng'ambo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mama alitutoka mwaka jana, unajua. Nataka jina lake lirudi baharini. Andika MV Kusum."

Pantaleo aliweka grainda chini. "Andika Kusum Mbili, mwanangu. Ile ya kwanza waachie waliokwenda nayo."

"Nikiweka Mbili, kila mwenye mzigo ataniuliza ya kwanza iko wapi. Tena ile msajili ameshaifuta. Jina liko wazi, mzee. Kama hutaki, basi, nitatafuta fundi mwingine."

Jina liko wazi! Kama chumba cha kupanga. Nilitamani nimmwagie Keyur kopo zima la rangi, ingawa najua naye alikuwa akimlilia mama yake. Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Alipoondoka, Pantaleo aliokota grainda, akaifuta vumbi. "Sisi kwetu mtoto wa kwanza wa kiume anachukua jina la babu yake," akasema. "Wa Ansbert angeitwa Pantaleo. Ona sasa, meli ndiyo imepata mrithi."

Nilimwambia akatae. Theopista alimwambia akatae, tena kwa kulia. Asubuhi yake akabeba vifaa vyake akaenda bandarini. Unajua kwa nini? "Akiandika mwingine ataandika ovyo." Mzee mzima! Aliogopa jina alilozama nalo mwanawe lisije likaandikwa vibaya. Akasaga jina la ng'ambo la meli ile likaisha, akachomelea jipya kwa vielelezo vya herufi vilevile vya Kusum ya kwanza, alivyovitunza miaka yote. Keyur akavunja nazi mbele ya meli, akatundika shada la maua, watu wakapiga makofi. Mimi sikwenda.

Wiki mbili baadaye Theopista alikuwa soko la Feri, ananunua samaki kwa Fikirini, kijana mgeni pale mnadani, mwenye maneno mengi.

"Mama angu, una watoto wangapi nikuongezee vibua?"

"Nilikuwa na mmoja. Alizama na MV Kusum."

Fikirini akacheka, wala si kwa ubaya. "Ah, mama, watu wamekudanganya! Kusum haijazama. Si ile pale inatoka?" Akanyoosha kisu kuelekea mlango wa bandari. "Soma mwenyewe."

Theopista akageuka, akasoma. Mwandiko wa mume wake unasomeka hata ukiwa ng'ambo ya maji.