Majani Manane ya Ua la Zambarau

Anyitike alifundisha shule ya msingi Ikuti kwa miaka thelathini na moja, na alipostaafu alirudia kusoma riwaya zake za zamani. Moja, iliyokwisha kupoteza jalada, ilimhusu tabibu aliyezunguka vijijini akiwaumika watu kwa pembe na kuwanywesha mafuta ya nyonyo kwa kila ugonjwa. Sehemu hizo zilimchekesha. Iliyomnyima raha ni sura ya mkulima aliyevimba miguu na kushindwa kupumua kila alipolala chali, akaponywa kwa majani ya ua la zambarau lenye umbo la kengele.

Mumewe, Jairo, alikuwa hivyo hivyo. Mabuti hayakumwingia tena. Safu moja ya chai aliichuma kwa kupumzika mara tatu, na usingizi aliupata akiwa ameketi. Mwenyewe alisema ni uzee.

Ua lile Anyitike alilijua. Lilijiotea nyuma ya nyumba kuukuu ya wamisionari. Alichuma majani manane, akayaanika. Maji yalipochemka, akasita. Kitabu hakikusema ni majani mangapi, naye hakuzoea kufanya jambo kwa kubahatisha. Aliyafunga kwenye gazeti, akachukua na kitabu, akamwambia Jairo avae koti, wakaenda zahanati.

Muuguzi Sia, mwenyeji wa Moshi, alimpima mzee kwanza, kisha akasoma ukurasa ule wote.

“Mwalimu, mwandishi hakudanganya,” alisema. “Moyo ukichoka, maji hujaa miguuni. Hata leo kuna kidonge kilichotokana na ua la namna hii. Lakini kidonge kimepimwa. Jani halijapimwa, linaweza kuusimamisha moyo.”

“Maji yalikuwa yameshachemka,” alisema Anyitike.

Sia alilifungua gazeti. Aliyatupa majani, akaandika rufaa ya kwenda hospitali Tukuyu.

Jairo alilazwa siku tisa. Moyo wake ulipigwa picha, akapewa vidonge vya kupunguza maji na vingine viwili. Kile cha ua hakikuwamo. Daktari alisema hakukihitaji. Anyitike alisikitika kidogo kwa hilo, ila hakumwambia mtu.

Siku hizi Jairo anachuma safu mbili kabla ya kupumzika. Anachonung'unikia ni mboga zisizo na chumvi, na kwamba kila saa lazima aache kikapu aende chooni.